Msiwatafsiri watu wa msituni kuwa wala watu

Ndugu Mhariri,

Jumapili iliyopita ukurasa wenu wa burudani uliwapendekezea wasomaji filamu tano za "maisha ya porini". Ya kwanza kwenye orodha ilikuwa Cannibal Holocaust, ya Waitaliano, ya mwaka 1980, na mwandishi wenu akasema ni kisa cha kweli. Si kweli hata kidogo. Ilitengenezwa makusudi ionekane kama mikanda iliyookotwa msituni baada ya wapiga picha kuuawa, na watu wakaamini hivyo kiasi kwamba mwongozaji wake, Ruggero Deodato, alilazimika kuithibitishia mahakama ya kwao kuwa waigizaji wako hai. Cha kweli mle ndani ni wanyama waliouawa mbele ya kamera. Na jina la Wayanomami pia ni la kweli: ni watu wa mpakani mwa Brazil na Venezuela, wana watoto na mashamba yao, nao wakatangazwa duniani kuwa watafuna wageni.

Nisingeandika kama mpwa wangu wa miaka kumi na minne asingeiona filamu hiyo kwenye kibanda umiza mtaani kwetu, ikiwa imetafsiriwa na DJ. Alirudi akaniuliza, "Mjomba, wale wala watu bado wapo?" Kesho yake nilikwenda kusikiliza mwenyewe. Wazungu wakizungumza, DJ anatafsiri, tena kwa ufundi. Mtu wa msituni akifungua mdomo, DJ anamwekea maneno ya kubuni: nyama, damu, moto. Kibanda kizima kinacheka.

DJ hakuanzisha hayo. Mwaka 1932 Wamarekani wawili, Martin na Osa Johnson, walitoa filamu waliyoipiga Afrika, sehemu yake katika msitu wa Ituri, Kongo. Humo Wambuti, wenyeji wa msitu huo, wanapewa sigara nene wavute na puto walipulize, ili watazamaji wa Marekani wachekeshwe na kuhangaika kwao. Hata filamu zenye nia njema zina kasoro zake. The Mission, iliyotwaa tuzo kuu ya Cannes mwaka 1986 na ambayo nayo mmeiorodhesha, inawahusu Waguarani wa Amerika Kusini, lakini waliowaigiza ni Wawaunana kutoka Kolombia, watu wa lugha nyingine kabisa. Ni kama kumchukua Mmakonde aigize Mmasai kwa kuwa wote ni Waafrika.

Sasa niwaambie ambayo haikuwamo kwenye orodha yenu. Embrace of the Serpent ni filamu ya Kolombia ya mwaka 2015, ya Ciro Guerra, nyeusi na nyeupe. Mganga wa Amazoni aitwaye Karamakate anawaongoza wageni wawili kutafuta mmea wa dawa, mmoja wakati wa ujana wake na mwingine uzeeni. Wageni hao wamechotwa kutoka kwenye maandishi ya Mjerumani Theodor Koch-Grünberg na Mmarekani Richard Evans Schultes, ila safari hii ni mganga anayewatazama. Wenyeji wanasema kwa lugha zao wenyewe.

Kuna tukio la dira ambalo sijalisahau. Mjerumani, mgonjwa, anaaga kijiji kilichomkirimu, mara anagundua wamebaki na dira yake. Anahamaki. Haumizwi na thamani yake. Anahofia kwamba watu hawa, wanaojua njia kwa upepo na nyota, wakishika dira watasahau elimu ya wazee wao. Ungetarajia mganga amuunge mkono. Badala yake anamkemea: huwezi kuwakataza kujifunza, elimu ni ya watu wote. Nilisimamisha filamu hapo nikakaa kimya. Mara ngapi tunawapenda watu wa msituni mradi tu wabaki kama tulivyowakuta!

Kuna pia misheni ambako watoto wanachapwa kwa kusema lugha ya mama zao. Mimi nilivishwa kibao shingoni shuleni kwa kusema Kiswahili, kwa hiyo pale sikuhitaji kutafsiriwa.

Na kuna mpira, ule wa utomvu wa miti. Mtumwa mwenye mkono mmoja anaomba auawe kwa sababu ndoo zake za utomvu zimemwagwa, na anajua yatakayompata pindi bwana wake akirudi. Hayo yalitokea kweli huko Putumayo, katika Amazoni, chini ya kampuni ya mpira ya Mperu Julio César Arana iliyoandikishwa London. Aliyetumwa kuchunguza mwaka 1910 ni Roger Casement, konseli wa Uingereza, yuleyule ambaye ripoti yake ya mwaka 1904 ilifichua mikono iliyokatwa Kongo ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Ni mpira uleule, wa matairi ya Ulaya na Marekani. Msomaji wa Bunia au Kisangani anaiona habari ya babu yake humo.

Ninaomba mambo mawili. Kwanza, sahihisheni maneno "kisa cha kweli". Pili, acheni kuwaita Wambuti na Wabatwa "mbilikimo" kwenye kurasa zenu. Wambuti wengi wa Ituri wanasema Kiswahili. Mwandishi wenu anaweza kuwauliza wanavyopenda kuitwa, na wanaonaje filamu zilizopigwa juu yao, bila mkalimani.

Nilimwonyesha mpwa wangu filamu ya Karamakate kwenye simu, nikimfasiria maandishi ya chini mstari kwa mstari. Ilipokwisha akauliza swali lilelile, safari hii kwa upole: "Yule mzee bado yupo?" Nikamwambia mwigizaji wake aliitwa Antonio Bolívar, na alifariki kwa Korona mwaka 2020 huko Leticia, Kolombia, mji uleule ambako Waitaliano walikwenda kupiga filamu yao ya wala watu.

Msomaji wenu,
Morogoro