Walter bin Alan ni wawili

Rehema mpendwa,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kimya. Jedwali lako la mashahidi waliotajwa katika hati za Uskoti za karne ya 12 na 13 limenifikia. Naandika mbio kabla hujampelekea Mwalimu Baraka, maana kuna jambo limenikosesha raha.

Huyo Walter bin Alan uliyemweka katikati ya mtandao wa nani alitajwa pamoja na nani ni watu wawili. Wa kwanza, msimamizi mkuu wa nyumba ya mfalme wa Uskoti na mwanzilishi wa monasteri ya Paisley, alifariki 1177. Mwanawe Alan alifariki 1204. Mjukuu akapewa jina la babu, kama tufanyavyo kwetu, akashika cheo kilekile hadi 1241. Ukiwafanya mmoja, unapata mtu aliyekaa na wafalme wanne, tangu David I hadi Alexander II. Ndiyo maana mistari yote inampitia yeye!

Uwatenganishe kwa kutazama waliotajwa pamoja naye, ila uende polepole. Kwa kawaida hati za wafalme hao hazina mwaka hadi 1222. Kuanzia 1195 ni siku na mwezi tu. Miaka mingi tunayoitumia imekadiriwa kwa mashahidi haohao, kwa hiyo ukiitumia kuthibitisha nani alikuwa na nani, unazunguka palepale. Weka safu mbili: mwaka wa mapema kabisa na wa mwisho kabisa unaowezekana.

Halafu mizani, yaani uzito wa kila jozi ya mashahidi waliotajwa pamoja. Hati ya mashahidi 5 inatoa jozi 10, ya mashahidi 30 inatoa 435, na baraza moja kubwa linameza miaka ya urafiki wa kweli. Kila jozi ipe 1/4 katika ile ya kwanza, 1/29 katika ya pili. Tia alama pia pale watawa waliponakili wakakatisha majina kwa "na wengine wengi". Asiyetajwa hapo huenda alikuwepo.

Na Eschina, mke wa Walter wa kwanza? Aliwapa Paisley ardhi ya Mow, lakini ukihesabu mashahidi tu, anapotea kabisa, na udugu wa ndoa unapotea naye. Mfungulie safu ya watoaji.

Narudi kwa Walter: hati ngapi zinamtaja bila cheo? Tahajia ya Kilatini umeihifadhi, au umeisawazisha? Makarani umewachanganya na makabaila? Na Baraka anaitaka lini hasa, Ijumaa hii au ijayo?

Wako,
Salim