Utafiti kuhusu watoto wanaokinzana na sheria ugharamiwe na Serikali

Ndugu Mhariri,

Katika mkutano wa mtaa wetu hapa Pasua, Moshi, mzazi mmoja alisimama akapendekeza kwamba vijana wanaokamatwa kwa udokozi stendi na sokoni wapelekwe kulitazama Gereza la Karanga, wawaone wafungwa kwa macho yao, watie akili. Alipigiwa makofi. Mimi niliyekuwa afisa ustawi wa jamii kwa miaka mingi, na kuandika taarifa nyingi za uchunguzi wa kijamii kwa ajili ya mahakama ya watoto, sikupiga makofi, lakini pia sikuwa na takwimu hata moja ya hapa nyumbani ya kumjibu. Jibu nililokuwa nalo lilitoka Marekani.

Wazo hilohilo lilijaribiwa huko miaka ya 1970 katika gereza la Rahway, jimbo la New Jersey. Vijana walipelekwa kwa wafungwa wa vifungo virefu, wakafokewa na kutishwa ili waogope uhalifu, na mpango huo ukasifiwa sana. Mtafiti James Finckenauer alipowalinganisha vijana waliopelekwa na wenzao wasiopelekwa, alikuta kwamba waliotishwa ndio waliofanya makosa zaidi baadaye, na tafiti zilizofuata hazikuutetea mpango huo. Nchi hiyo ilikwisha kutunga sheria mwaka 1974 iliyounda ofisi maalumu katika Wizara ya Sheria ya kushughulikia haki kwa watoto na kuzuia uhalifu wao, na kugharamia utafiti ni mojawapo ya kazi zake. Fedha zake, pamoja na za wafadhili wengine, zilisaidia kuwafuatilia kwa miaka 7 vijana 1,354 waliotiwa hatiani kwa makosa mazito katika miji ya Phoenix na Philadelphia, ikaonekana kwamba kumweka kijana kizuizini muda mrefu zaidi hakukupunguza kurudia makosa. Sisemi Marekani iwe mwalimu wetu wa kulea. Hata Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao sisi tuliuridhia mwaka 1991, wao hawajauridhia. Ninachowasifia ni kwamba wanahesabu.

Sheria nzuri tunayo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumhukumu mtoto kifungo cha gerezani, inataka Mahakama ya Watoto iketi kwa faragha afisa ustawi wa jamii akiwepo, na inaruhusu mtoto aachiwe kwa masharti au apelekwe shule ya maadilisho, yaani ya kurekebisha tabia. Shule hiyo ni Irambo, Mbeya, kwa hiyo mtoto wa Moshi akipelekwa huko anaivuka nchi, na mama yake muuza ndizi hana nauli ya kumtembelea. Je, anarudi akiwa afadhali kuliko mwenzake aliyeachiwa chini ya uangalizi akabaki nyumbani? Namkumbuka kijana wa miaka 14 aliyeshtakiwa kwa wizi wa betri ya pikipiki. Niliandika taarifa, amri ikatolewa, jalada likafungwa. Tangu siku ile hadi ninastaafu hakuna aliyeniuliza kijana yule aliishia wapi, nami kwa bajeti ya mafuta tuliyokuwa nayo nisingeweza kumfuata.

Tusidhani kwamba kazi hii ya kuwafuatilia watoto waliopita mahakamani ni ya kukusanya madaftari tu. Mtoto yuleyule polisi ameandikwa kwa jina la ukoo, mahakamani kwa jina la ubatizo, na katika mahabusu ya watoto kwa jina ambalo wenzake wa kijiweni wamempa. Cheti cha kuzaliwa hana, na umri wake unabadilika kutoka daftari moja hadi jingine. Kuyaoanisha madaftari hayo, bila kuvunja usiri ambao sheria inampa mtoto, kunahitaji watu waliofundishwa na wanaolipwa. Kunahitaji pia muda, na hapa ndipo fedha za wafadhili zinapotuacha njiani, kwa sababu mradi wa miaka 3 hauwezi kumfuatilia mtoto wa miaka 14 mpaka afikishe 20.

Kanuni za Beijing za Umoja wa Mataifa za mwaka 1985 zinataka utafiti uwe msingi wa kupanga sera za haki kwa watoto, kwa hiyo siombi jambo geni. Naiomba Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, kwa kushirikiana na Tume ya Sayansi na Teknolojia, itenge fungu la kudumu kwa kazi hii, na ianzie Arusha na Moshi, ambako mahabusu za watoto zipo na Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru haiko mbali. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto nacho kishirikishwe, ili matokeo yawafikie mahakimu wanaotoa amri hizo na yasilale kwenye kabati la mtafiti.

Mkutano wetu wa mtaa utaketi tena hivi karibuni, na pendekezo la Karanga bado limo kwenye ajenda.

Wako,
Afisa ustawi wa jamii mstaafu,
Pasua, Moshi.