Risala ya Wazazi wa Watoto Wenye Usonji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Usonji Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wa kitengo,
Mwenyekiti wa Kamati ya Shule,
Wazazi na walezi wenzangu,
Watoto wetu wapendwa,
Mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha asubuhi hii ya tarehe 2 Aprili. Nawe Mheshimiwa tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu, na zaidi kwa kukubali ngoma isipigwe ulipoingia na mimi nisome bila kipaza sauti. Tunajua si desturi hapa Tanga mgeni rasmi kupokewa kimyakimya. Lakini wamo humu watoto ambao mlio wa spika huwaumiza kama msumari unaokwaruzwa kwenye bati sikioni, na leo ni siku yao.

Umoja wa Mataifa uliitenga siku hii mwaka 2007, ikaanza kuadhimishwa 2008. Dalili za usonji, hali inayomfanya mtoto awasiliane na kuhisi mambo tofauti na wenzake (kwa Kiingereza autism), walimu wamekwisha kuzibandika ukutani na utazisoma. Sisi wazazi tumeona tukueleze yanayopita mioyoni mwetu, na wenzangu wameniruhusu nianze na la kwangu.

Mwanangu alisema "mama" na "maji" akiwa na mwaka mmoja na miezi mitatu. Alipokaribia miaka miwili maneno yale yakaondoka, kwanza mama, kisha maji. Nikimwita hageuki, ila akisikia pakiti ya biskuti ikifunguliwa chumba cha pili anakuja mbio, kwa hiyo masikio yalikuwa mazima. Nilizunguka naye miaka mitatu. Kuna niliposikia kwamba watoto wa kiume huchelewa kusema, na kuna nilipoulizwa nimemkosea nani. Siku nilipotajiwa neno usonji nililia njia nzima hadi nyumbani, na usiku ule ule nikalala usingizi mzito ambao sikuwa nimeupata kwa miezi. Tangu hapo mambo yangu huja mawili mawili. Nikicheka kuna kilio pembeni, na nikilia kuna jambo linanichekesha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, lawama zimetuchosha kuliko kazi yenyewe. Kazi ni nzito, maana kuna watoto humu wasiolala mpaka saa tisa usiku, na wengine hawali chakula chochote kisichokuwa cheupe. Lakini ukiwa umembeba mtoto anayepiga mayowe ndani ya daladala kwa sababu honi imemshtua, na abiria wa kiti cha nyuma akasema kwa sauti kwamba mtoto huyu hakufunzwa adabu, unashuka vituo viwili kabla ya kwako ukatembea kwa miguu juani. Na nyumbani unakuta kikao cha ukoo kinachotafuta kosa la mama. Hili si la Waafrika peke yao. Katika miaka ya 1950 madaktari huko Marekani waliandika kwamba usonji unaletwa na mama asiye na mapenzi kwa mwanawe. Mwaka 1964 mtafiti Bernard Rimland, ambaye mwanawe pia alikuwa na usonji, alipinga akaonyesha kwamba asili yake ni ya kimwili, imo kwenye ubongo. Miaka zaidi ya 60 imepita. Tunakuomba, popote utakaposimama baada ya hapa, utusaidie kuwafikishia watu habari hiyo.

Sasa niseme la furaha, kwa sababu ndilo hasa lililotufanya tuandike risala hii.

Mwanangu alikuwa na miaka sita. Tulikaa barazani, jua linazama, kunguru akatua kwenye bati la jirani. Mwanangu akanyoosha kidole kumwonyesha yule kunguru, kisha akageuka kunitazama usoni, aone kama nami nimemwona. Mtoto mwingine huanza kufanya hivyo akiwa na mwaka mmoja hivi, wala mama hakumbuki ilikuwa siku gani. Mimi nakumbuka: ilikuwa Jumanne. Miaka yote ile alikuwa akitaka kitu hunishika mkono akaupeleka juu ya kitu chenyewe, kama mtu anayetumia kijiti. Jioni ile hakutaka apewe chochote. Alitaka tuangalie pamoja.

Nikampigia simu dada yangu. Akasema, "Kunguru? Si ana miaka sita huyo?" Hakuwa na ubaya, hakuelewa tu. Nikabaki na furaha mkononi sijui niiweke wapi. Huzuni ina pa kwenda, Mheshimiwa. Ukisema mtoto haongei, utapewa pole mpaka utosheke. Furaha zetu ndizo hazina wa kuzipokea. Jumamosi nilipowasimulia wazazi hawa chini ya mwembe wa shule, walipiga vigelegele, na mmoja alijiziba mdomo kwa kanga asiwashtue watoto darasani, huku machozi yanamtoka.

Chini ya mwembe huo ndipo tunapokutana mpaka leo. Mvua ikinyesha hatukutani. Ombi letu la kwanza, ambalo wengine wanaweza kuliona dogo, ni chumba kimoja cha wazazi.

La pili ni uzio. Mwaka jana mtoto wetu mmoja alitoka darasani akafuata sauti ya maji, na alipatikana ng'ambo ya barabara kuu akiwa salama, kwa rehema za Mungu. Walimu wetu ni wawili tu na hawawezi kuwa darasani na getini kwa wakati mmoja. Tunaomba pia msaidizi wa darasa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma, na ili asome lazima kwanza abaki ndani ya shule.

Aidha, katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Wengi wetu tuliacha biashara kwa kuwa mtoto hana wa kubaki naye. Tunaomba walezi tufikiriwe katika fungu hilo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya risala hii watoto watakuja mbele kukuonyesha kadi za picha wanazotumia kuzungumza nasi. Mmoja wao ataomba maji kwa kadi, na tutafurahi ukimpa wewe mwenyewe. Wakimaliza, tunaomba usipige makofi. Inua mikono juu uipunge, kama tutakavyofanya sisi.

Tunaomba kuwasilisha.