Safari za picha zifuate mwanga wa mlima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie safari za kupiga picha ambazo kampuni za utalii za hapa Moshi na Arusha huwauzia wageni wanaokuja kati ya Septemba na Novemba. Kwao Ulaya hayo ni majira ya majani kupukutika. Kwetu ndipo vuli inapobisha hodi. Hata mbayuwayu wanaotoroka baridi yao huwasili huku wakati huohuo.

Nimeongoza watalii kwa miaka mingi, na kwa mtu mwenye kamera nauona msimu huu kuwa bora kuliko watu wanavyodhani. Mwisho wa kiangazi vumbi na moshi wa mashamba hutanda hewani, na Kilimanjaro pamoja na urefu wake wote wa mita 5,895 huonekana kama kivuli tu. Mvua za kwanza zikishanyesha, hewa husafika, na alfajiri ukisimama kwenye maziwa ya Momella, katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, unaiona Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, upande wa mashariki ikiwa na theluji mpya, huku heroe wakitembea kwenye maji ya magadi mbele yako. Lakini nafasi hiyo ni fupi mno. Jua likipanda, hewa yenye unyevu wa msituni nayo hupanda, hupoa na kugeuka mawingu, na mara nyingi kabla ya saa nne asubuhi mlima umeshajifunika.

Novemba iliyopita nilichukuliwa kama kibarua na kampuni moja kuendesha wageni wanne katika safari iliyouzwa kuwa ya picha. Ratiba ilikuwa ileile ya siku zote: chai hotelini saa moja na nusu, kuondoka saa mbili na nusu, chakula cha mchana saa saba kamili. Tulipofika Momella, mama mmoja aliyebeba lenzi ndefu kama mkono wangu aliniuliza mlima uko wapi, nami nikamwonyesha wingu kwa kidole. Niliona aibu ambayo sijaisahau. Baadaye, kwenye msitu wa Ngurdoto, tulimkuta mbega ameketi kwenye tawi, mkia wake mweupe ukining'inia, na kila dalili ilionyesha kwamba anajiandaa kuruka. Nilizima injini. Simu ikalia kutoka ofisini: wageni wanasubiriwa mezani. Tukaondoka kabla mbega hajaruka.

Kubadilisha jina la safari kwenye tangazo hakuigeuzi kuwa safari ya picha. Mwongozaji wa safari ya namna hii anapaswa kujua jua litatokea wapi na gari lisimame upande gani, azime injini ili mtikisiko usiharibu picha, awe na mfuko wa maharage wa kuegemezea lenzi dirishani, na awe na moyo wa kungoja. Anapaswa pia kuwa na ujasiri wa kumkatalia mgeni anayetaka gari litoke barabarani ili amsogelee mnyama, au anayetaka kurusha droni hifadhini bila kibali. Kwa wanaopanda Mlima Meru, ambako kuna nyati na kila kundi hufuatana na askari mwenye bunduki, aelewane na askari huyo mapema kuhusu mahali pa kusimama.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912. Mgeni aliyenyimwa alfajiri moja amekosa kitu ambacho huenda asikikute akirudi baada ya miaka kumi.

Naviomba vyuo vya utalii vya mkoani Arusha na Kilimanjaro viingize somo la mwanga na picha katika mafunzo ya waongoza watalii. Wenye kampuni nao wawafungashie wageni kifungua kinywa, magari yawe langoni kabla halijafunguliwa, na wageni waambiwe ukweli tangu siku ya kulipa kwamba katika vuli mlima unaweza kujificha siku mbili mfululizo, hivyo safari itengewe asubuhi tatu au nne badala ya moja.

Wako,
Mwongoza watalii,
Moshi.