Vumbi la nyotamkia halikuchotwa kwa kijiko

Mhariri,

Wanaodhani chombo cha anga Stardust cha NASA kilichota vumbi la nyotamkia Wild 2 kama mchanga wanakosea. Januari 2004 chembe ziligonga erojeli, yaani kitu kigumu chepesi mno chenye vitundu vingi vya hewa, kwa kasi ya kilomita 6.1 kwa sekunde, zikachimba vishimo vyenye umbo la karoti. Chembe ngumu hukwama nchani. Maabara hukata kipande chenye kishimo kizima kwa sindano za kioo, kisha chembe hugandishwa kwenye utomvu wa plastiki na kukatwa vipande vyembamba mno kwa ajili ya hadubini ya elektroni.

Tabu ni erojeli yenyewe, nayo ni silika (kiwanja cha elementi silikoni na oksijeni): ikiyeyuka huchanganyika na vumbi laini, kipimo cha silikoni kikaharibika. Uchafu wa nailoni ya mifuko pia ulikutwa. Ndiyo maana glisini (asidi amino) iliyotangazwa 2009 kuwa ya nyotamkia ilihitaji kwanza kupimwa isotopu za kaboni, yaani aina za atomu za kaboni zenye uzito tofauti, ili ijulikane kama si uchafu wa duniani.

Msomaji wenu