Barua kwa mwanangu: usisubiri mwingine aanze

Mwanangu Rehema,

Simu yako ya juzi imeninyima usingizi. Kijana ameanguka kituo cha Gerezani, watu wanasubiri mwendokasi, yeye yuko chini anatapatapa kwa kifafa, wenye simu wanarekodi, na wewe umesimama tu. Ukaniuliza, "Mama, ina maana nina roho mbaya?" Huna, mwanangu. Ila jua kilichokushika miguu, maana kitakushika tena.

Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walichapisha jaribio lao. Mwanafunzi alikaa chumbani peke yake, akiongea na wenzake kupitia kipaza sauti, mara akasikia mmoja wao kashikwa na kifafa, anaomba msaada. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa, lakini yeye hakujua. Kati ya waliodhani wanasikia peke yao, asilimia 85 walitoka kuita msaada kabla sauti haijakatika. Kati ya waliodhani wapo wanne wengine wanaosikia, asilimia 31 tu. Na waliobaki vyumbani hawakuwa wametulia, wengine walikutwa mikono inawatetemeka. Kwa maelezo ya watafiti hao, mtu akijua wapo wengine wanaosikia, mzigo wa kusaidia hauoni kuwa wake peke yake.

Hapa Dar tunaongezea na hofu zetu. Wapo wanaoamini povu la kifafa linaambukiza. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, nimelifuta povu hilo kwa mikono yangu: haliambukizi. Wengine wanaogopa kuambiwa wakaisaidie polisi. Hofu hiyo siidharau, nimeona msamaria akiachiwa kesi ya kujieleza. Lakini PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ni ya aliyegongwa au aliyepigwa. Mgonjwa wa kifafa haimhusu.

Siku nyingine usipige kelele "jamani, saidieni!" Watatazamana. Mnyooshee mtu mmoja kidole: "Kaka mwenye fulana nyekundu, kamwite mlinzi. Dada, tazama saa, uniambie zikifika dakika tano." Mtu akishatajwa hivyo, mara nyingi anakwenda. Halafu wewe piga magoti. Ondoa vitu vigumu karibu yake, mwekee kitu laini chini ya kichwa, mlegezee kola. Usimbane mikono, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimpe maji. Mtetemo ukipungua, mgeuze alale ubavu ili mate yatoke. Zikipita dakika tano hajatulia, apelekwe hospitali. Hapo Mnazi Mmoja si mbali.

Na hizo simu, mwanangu, ndizo zinazoniuma kuliko yote. Akizinduka huwa hajui yuko wapi, na mara nyingi amejikojolea. Jambo la kwanza analoliona ni viatu vya watu waliomzunguka. Video itafika kwao kabla yake, itafika kwa bosi wake, kwa mchumba wake. Mvulie mtandio wako umfunike kiunoni. Waambie wanaorekodi wageuke, uwaambie kwa adabu lakini kwa sauti. Kaa naye mpaka alitaje jina lake.

Jumapili ukija, tutasogeza meza, nikulaze sakafuni, nikuonyeshe namna ya kumgeuza mtu mzito kuliko wewe. Njoo na mwenzako wa chumbani, naye ajifunze.

Mama yako