Jumba la Maajabu litasimamishwa kwa udongo gani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi chokaa, nimeshastaafu, na linalonikera ni habari ya Beit al-Ajaib, hilo Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe, Unguja.

Tangu ile Ijumaa ya tarehe 25 Disemba 2020, sehemu kubwa ya jumba ilipoporomoka na watu wawili wakafa, Mungu awarehemu, barazani kwetu swali ni moja tu: litasimama lini? Sijasikia mtu akiuliza litasimamishwa kwa udongo gani wa kujengea, chokaa au saruji.

Watembeza wageni wakifika pale Forodhani huanza na taa za umeme na lifti, kwamba ndiyo maajabu yenyewe. Sisi mafundi tulikuwa tukistaajabia upana wa kumbi. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa boriti za mikoko, na boriti nzuri haizidi sana dhiraa sita au saba. Ndiyo maana vyumba vyetu vyembamba na virefu kama njia. Sultani Barghash alipojenga lile jumba mwaka 1883 hakutaka vyumba vya namna hiyo. Alitia vyuma kubeba dari, akazungusha roshani juu ya nguzo za chuma zilizoletwa kwa meli, na kuta zikabaki za mawe ya matumbawe na chokaa. Mwaka 1896 manowari za Waingereza zilipopiga mizinga, jumba la jirani, Beit al-Hukm, likasambaratika; hili likabaki wima, na baadaye likaongezwa mnara wa saa mbele.

Lakini chuma na hewa ya bahari havipatani. Paa likivuja, maji hukifuata chuma ndani ya ukuta, kikashika kutu, kikavimba, jiwe likapasuka. Tulionywa mwaka 2012 kipande cha roshani kilipoanguka. Miaka minane ni mingi.

Sasa nieleze ninachokiogopa. Zamani niliitwa kutengeneza ukuta wa nyumba moja Mkunazini. Mwenye nyumba, jina lake nalihifadhi, akaniambia, "Mzee, chokaa inachelewa, piga saruji tumalize." Nikapiga, njaa haina ubishi. Masika mawili hayakupita, ukuta ukatoa malengelenge, chumvi nyeupe ikachomoza, plasta ikabanduka mabamba mabamba. Jiwe la matumbawe linanyonya maji na kuyatoa. Ukilifunga kwa saruji maji hayana pa kutokea. Aibu ile ninayo mpaka leo, nikipita njia ile nageuza uso.

Najua wahandisi watakuja na mahesabu yao, na lazima waje, kwani jumba la ukubwa ule halijengwi kwa mazoea ya wazee. Ila karibu nao akae mtu anayeijua chokaa kwa kuishika. Mawe yaliyoanguka yachaguliwe moja moja, mazima yarudi ukutani, yasiende kuwa kifusi cha kujazia barabara. Na vijana wapewe kazi pale pale, walipwe, wajifunze. Tuliobaki tunahesabika kwa vidole, na wawili kati yetu hawaoni vizuri.

Mjukuu wangu nilimpeleka mle ndani makumbusho yalipokuwa wazi, kuuona mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari. Aliniuliza nani anajua kushona hivi sasa. Nilimnunulia urojo nikabadilisha mazungumzo.

Chokaa nzuri hukaa shimoni ikilowa miezi mingi kabla ya kutumika. Kwa hiyo ombi langu kwa wanaohusika ni dogo: mashimo yachimbwe sasa, bila kungoja. Mwiko ninao.

Fundi chokaa mstaafu,
Kikwajuni, Unguja